Marehemu wa Namba Tatu

Inspekta alikuwa amepiga goti mbele ya kabati la chuma, akipitisha brashi yenye unga mweusi kwenye mdomo wa tundu tupu. Baridi ya chumba ilikuwa imeshamtia ganzi vidoleni. Matundu sita yalipangwa kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia. Matano yalikuwa na diski. La tatu lilikuwa wazi kama pengo la jino.

Alama zilitokea mbili, ya dole gumba na ya kidole cha shahada, nzima kabisa. Mwizi hakuvaa glavu. Wala hakuwa na haraka. Alibonyeza kitasa taratibu mpaka diski ikatoka yenyewe.

Fundi wa mitambo alisimama nyuma yake, mikono kwapani. Kituo kile kilipokea simu za dharura za mji mzima, na kila simu ilirekodiwa ndani ya kabati hilo. Jana diski moja ilikufa. Fundi aliichomoa, akaweka mpya, na mashine ikaanza kuijaza upya. Leo, kazi ikiwa katikati, mtu alichomoa nyingine.

"Zilizobaki si zinatosha?" Inspekta aliuliza.

"Kati ya hizo tano, moja ndiyo mpya, haijajaa. Kwa hiyo hesabu nne. Kila rekodi imekatwa vipande, vikagawanywa kwenye diski zote. Ikikosekana moja, nyingine zinakokotoa kilichopotea. Zikikosekana mbili, basi. Jifya moja haliinjiki chungu, Afande."

"Na aliyeiba hiyo moja, atasikia nini?"

"Mikwaruzo. Hata neno moja halitimii."

Inspekta alijua ni rekodi ipi iliyoleta polisi mbio. Mwanamke mmoja alifariki akisubiri gari la wagonjwa. Simu yake ilikuwa isikilizwe kesho mbele ya kamati ya uchunguzi. Mpokea simu aliyezungumza naye alikuwa amesimamishwa kazi, na pale kituoni kila jicho lilimwelekea yeye.

Alikuwa ameketi kwenye chumba cha chai, mkoba mapajani, kama abiria aliyeambiwa usafiri umeahirishwa. Alieleza kwamba kadi yake ya mlango ilizimwa siku aliyosimamishwa, na kwamba rekodi ile ndiyo mtetezi wake pekee. Gari alilituma palepale. Kilichochelewa ni gari.

"Nani achome nyumba aliyojificha ndani yake?" aliuliza, bila kupandisha sauti.

Inspekta alimchukua alama za vidole, akazilinganisha kwa lenzi. Hazikufanana. Alimshukuru akarudi kabatini. Hakuwa mtu wa kukimbilia hitimisho, na hili halikuwa limefika.

"Diski iliyokufa jana ilikuwa wapi?"

"Namba tatu," fundi alijibu.

"Na iliyoibwa?"

"Namba mbili."

Inspekta alihesabu matundu kwa kidole, akarudia. "Mimi naona ya tatu."

"Mashine inaanza na sifuri, Afande. Sifuri, moja, mbili."

Inspekta aliliangalia tena tundu tupu. Mtu wa mitambo asingekosea hapo. Aliyekosea alisikia tatu, akahesabu kama watu wengine wote.

"Namba tatu uliitaja wapi?"

Fundi alikumbuka kwamba jana alimpigia mkuu wa kituo, akiwa amesimama pale ukumbini.

"Ulisemaje? Nataka maneno yenyewe."

"Nilisema, marehemu ni namba tatu, kesho namfuta kabisa."

"Namfuta? Si naifuta?"

Fundi alitabasamu nusu. "Mazoea tu. Diski ikifa tunaiita marehemu. Na diski mbovu haitupwi mpaka ifutwe kwanza. Ni utani wa kazini."

"Ukumbini alikuwepo nani?"

"Hakuna mtu. Baridi tu, yuko juu ya ngazi na kiyoyozi chake."

Tabasamu likamtoka fundi. Mikono ikashuka kwapani. Baridi lilikuwa jina la utani la fundi wa viyoyozi. Mwanamke aliyefariki akisubiri gari alikuwa mkewe.

"Mazishini nilikwenda," fundi alisema. "Nilibeba jeneza."

Inspekta alimkuta Baridi karakanani, nyuma ya jengo, akisugua kichujio cha kiyoyozi kwa brashi na maji ya sabuni. Hakuacha kusugua. Inspekta aligeuza ndoo, akaikalia.

"Pole na msiba, kaka."

"Nimeshapoa."

"Ulichukua nini mle chumbani?"

"Mke wangu."

Alisema kama mtu anayetaja saizi ya spana. Yaliyobaki aliyatoa hivyohivyo, moja baada ya jingine, bila kuulizwa sana. Siku ile alikuwa juu ya paa la jengo hilihili. Simu yake aliiacha kwenye koti. Mkewe alimpigia yeye kwanza, ikaita mpaka ikakata. Ndipo akapiga dharura, na simu ikapokelewa chini ya miguu ya mumewe, yeye akikaza skrubu. Baada ya mazishi alimwomba mkuu wa kituo amsikilizishe sauti ile. Aliambiwa imo mashineni, salama, asubiri kamati. Akasubiri. Mpaka jana, juu ya ngazi, aliposikia kwamba marehemu ni namba tatu na kesho anafutwa.

"Nikajua wanamlinda mwenzao," alisema. "Nikasema basi, nimtoe kabla."

"Ungemsikilizia wapi?"

"Sijui. Nilitaka kujua kama aliniulizia."

Inspekta alimweleza polepole. Marehemu aliyetajwa ni diski mbovu. Ndivyo wanavyozungumza. Na namba tatu yao ni tundu la nne.

Brashi ilisimama.

"Niliyoitoa mimi ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Kwa hiyo aliyemkata ni mimi."

Baridi alijifuta mikono, akafungua sanduku la zana. Diski ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cha kike, kavu. Alama ya dole gumba iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Baridi.

Waliporudi chumba cha mashine, fundi aliipokea kwa mikono miwili. Alisema tangu ichomolewe mashine ilijifunga, haikuandika chochote, kwa hiyo huenda ikaitambua. Huenda. Aliisukuma tunduni, akaandika amri moja, akaingoja, akaandika nyingine. Taa ikawaka njano. Ikakaa njano muda mrefu. Kisha ikawa kijani, na mashine ikaanza tena kuijaza ile mpya, kuanzia mwanzo.

Inspekta alitoa pingu. Baridi aliinyoosha mikono, kisha akaishusha.

"Afande, kiyoyozi kimoja nimekizima, kichujio chake ndicho kile nilichokuwa nasugua. Kimoja hakitoshi mpaka asubuhi. Joto likipanda, diski nyingine itakufa."

Inspekta alirudisha pingu kiunoni, akaenda naye kukichukua, kisha akamshikia ngazi. Baridi alipandisha kichujio, akakaza skrubu, akaweka kiganja mbele ya upepo mpaka akaridhika. Alishuka.

Mezani ilikuwapo diski mbovu ya jana, na kibandiko chenye neno moja: marehemu. Fundi alikuwa akikibandua kwa kucha. Kilitoka vipandevipande.

"Itamaliza lini?" Inspekta aliuliza.

"Kesho. Ikifika salama."

Baridi alikuwa anatazama skrini. "Na kesho mnamfuta?"

"Hatumfuti," fundi alisema. "Akirudi, tunamsikiliza."

"Na mimi?"

"Nitakuleta mwenyewe," alisema Inspekta.

Baridi aliinyoosha tena mikono. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa umesogea kidogo tu, ukisimama, ukisogea.