Sauti Nyuma ya Bodi

Aliyeitwa Jicho, kwa kuwa hakuna waya uliowahi kumpita, alisoma orodha ya zamani bila kuinua uso. Kaka yake, aliyekaa nyuma ya bodi, alimjibu kutoka orodha mpya. Waya ukiwamo katika orodha zote mbili, unaachwa. Usipokuwamo kwenye mpya, Jicho anaupigia mstari mwekundu, na kaka anaukata. Bodi yenyewe ilikuwa ya kuendeshea lifti, imetolewa kwenye jengo lililokaa tupu miaka mingi.

"Kumi na mbili hadi arobaini."

"Upo."

"Kumi na tatu hadi saba."

"Haupo."

Akapiga mstari. Mara mlango ukafunguliwa, kaka akaingia na ndoo ya maji.

"Bombani kuna foleni, mdogo wangu. Umefika wapi?"

Jicho alikitazama kiti kitupu nyuma ya bodi. "Kumi na tatu," alisema polepole. Angemwambiaje mtu kwamba amemsikia ilhali hayupo? Alijidanganya kuwa ni uchovu, na mstari mwekundu akauacha ulivyo.

Alasiri kaka alishika koleo, na waya ule wa kumi na tatu ulipokatika, harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kwenye bodi isiyo na umeme, naye akafumbua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo, akaufumba, akaufumbua tena, akajishika koo huku macho yamemtoka, wala hakikusikika hata kikohozi.

Hospitali hawakuona kitu. Jicho aliuunga tena waya ule, lakini haikusaidia. Ndipo akamwita mganga, mzee mcheshi aliyeingia karakana akitania kwamba pepo wa kupanda na kushuka hajawahi kumpunga. Alipoanza dua, sauti ya kaka, aliyeketi kando bila kufumbua mdomo, ikamtangulia, neno kwa neno. Mzee akaikatiza dua.

"Pepo aliyepotea ningemrudisha kwao," alinong'ona. "Huyu hajapotea, binti yangu. Ameshahamia."

"Wapi?"

Mganga alikitazama kifua cha kaka, kisha akakusanya vitu vyake.

Karakana wameifunga. Jana, wakila, Jicho alijisahau.

"Chumvi imekolea, kaka?"

Kaka alitikisa kichwa upesi, machozi yakimlengalenga, akaweka kidole midomoni kumsihi asiulize tena. Lakini pepo alikuwa amekwisha kujibu, kwa sauti ya kaka mwenyewe, kutoka ndani ya kifua chake, na midomo yake imefumbwa.

"Imekolea, mdogo wangu. Niulize na lingine."