Nusura Hajui Kuogelea

Kila Jumamosi asubuhi, Nusura na jirani yake Evelyn walifua sare zao pamoja, uani kwao, mtaa wa Ngarenaro. Beseni lilikuwa moja, sabuni moja, na maneno hayakuisha.

"Leo Mama anatupeleka Ziwa Duluti, tukapande mtumbwi," Evelyn alisema Jumamosi moja. "Wewe umewahi kuogelea?"

"Mimi? Binamu zangu wa Tanga walinifundisha zamani. Naogelea kama samaki!"

Kweli Nusura alikaa Tanga wiki mbili, lakini bahari aliigusa kwa vidole vya miguu tu.

Walipofika ziwani, Mama Evelyn alitandika kitenge chini ya miti, akaweka chapati na ndizi za kuchoma.

"Naenda kumtafuta mwenye mtumbwi atupe majaketi okozi ya kuvaa tusizame," alisema. "Kaeni hapa hapa. Ukipiga hatua mbili tatu tu humo majini, hakuna pa kukanyaga. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Alipotoweka nyuma ya miti, Evelyn akavua viatu. "Nalowesha miguu tu."

"Mama amekataza."

"Si upo wewe? Nikizama utanitoa."

Nusura alifungua mdomo aseme ukweli, aibu ikamzuia. Evelyn akapiga hatua moja, ya pili. Ya tatu akateleza, akatumbukia. Kichwa kilizama, kikaibuka. "Nusu..." aliita, akameza maji.

Nusura alikimbia hadi ukingoni. Mguu mmoja ulipoingia kwenye tope, alihisi naye anateleza. Akarudi nyuma.

"Evelyn, sijui kuogelea!" alilia. Kisha akapaza sauti kwa nguvu zake zote, "Mama Evelyn! Njoo! Anazama!"

Alikivuta kile kitenge, chapati zikamwagika. Akalala kifudifudi, mkono mmoja akashika mzizi wa mti, kwa mwingine akakirusha. Hakikufika. Akarusha tena. Evelyn akadaka ncha.

"Shika kwa mikono yote miwili! Usiachie!"

Bega lilimuuma kama linang'oka, lakini hakuachia mpaka Mama Evelyn alipofika mbio, miguu peku, wakamvuta Evelyn pamoja hadi nchi kavu.

Evelyn alikohoa, akatapika maji, akaangua kilio. Mama aliwakumbatia wote wawili, naye analia.

"Mama, kosa ni langu," Nusura alisema. "Nilimdanganya kwamba najua kuogelea."

"Na mimi sikukusikia, Mama," Evelyn alinong'ona.

Mama Evelyn alimfuta Nusura tope usoni kwa kiganja.

"Na mimi nilikosea kuwaacha peke yenu," alisema. "Uongo wako ulimponza mwenzio, Nusura, na mama yako nitamwambia. Lakini ulisema kweli, ukaita mtu mzima, ukarusha kitambaa badala ya kujitupa. Ungeruka, leo ningewapoteza wote wawili. Asiyejua kuogelea aseme hajui. Na hata anayejua, asiingie majini bila mtu mzima, wala asipande mtumbwi bila jaketi okozi. Haya, twendeni zahanati, daktari amsikilize Evelyn kifua."

Njiani Evelyn aliuliza, "Mama, kwani wewe unajua kuogelea?"

Mama Evelyn alitikisa kichwa. "Sijui, mwanangu. Nina miaka arobaini na mbili na sijui. Tutatafuta mwalimu, tujifunze wote watatu."