Majirani Wasioonekana

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare yake ya shule, Chelangat alikwenda na baba yake kwenye saiba ya Auntie Sudha, duka la kutumia kompyuta na intaneti, mtaani Bondeni. Baba yake, Kimaiyo, alikuwa katibu wa kamati ya wakazi, lakini vidole vyake havikuzoea kompyuta. Chelangat ndiye aliyemfungulia jukwaa la mtandaoni la watu wa Nakuru na kumsomea.

Siku hiyo, mwaka wa 2007, mjadala ulikuwa mmoja tu: uwanja wa michezo wa Bondeni uuzwe, yajengwe maghala. Watu ishirini, wote wakijiita wakazi wa Bondeni, walikuwa wameunga mkono.

"Kama majirani wenyewe wanataka, mimi ni nani nipinge?" Kimaiyo alisema kwa unyonge. "Jumatatu nitaiambia kamati tuachane na mambo haya."

Chelangat alisogeza uso karibu na kioo. "Baba, mbona wote wameandika 'uanja'? Na mbona wote walijiunga Jumanne?"

Auntie Sudha akaja kuchungulia. "Ajabu! Huenda ni mtu mmoja mwenye majina ishirini."

"Basi sisi tutunge hamsini!" Chelangat alisema, na papo hapo akaandika la kwanza: Mama Wasike.

"Huyo Mama Wasike anakaa nyumba nambari gani?" Auntie Sudha aliuliza.

Chelangat aliona haya, akalifuta. Alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa jina lake mwenyewe: "Majirani, tukutane uwanjani kesho saa tisa tuzungumze." Majina yote ishirini yalijibu kwamba yangefika.

Kesho yake uwanja ulijaa wakazi waliopata habari. Chelangat alisimama na daftari lake, akayaita yale majina moja moja. Hakuna aliyeitika.

"Nimekuwa na duka hapa miaka thelathini," alisema Mzee Gurdial. "Hao siwajui hata mmoja!"

Watu mia moja na saba waliandika majina na nambari za nyumba zao kwenye barua ya kupinga, na Kimaiyo akaipeleka kwenye baraza la mji. Majuma matatu baadaye jibu lilikuja: uwanja hautauzwa.

"Lakini ni nani aliyeandika yale yote?" Chelangat aliuliza.

"Sijui, na pengine hatutajua," baba yake alimjibu. "Ila mimi nilikaribia kunyamaza kwa sababu ya watu ambao hawapo. Ukiambiwa wengi wamesema, mwanangu, uliza kwanza ni akina nani. Na ukiwa na lako la kusema, liseme kwa jina lako."