Moto au Baridi

Kila asubuhi nyumba ya akina Karani iliamshwa na harufu ya mafuta ya taa. Hamkuwa na jiko la mafuta humo ndani. Ni baba aliyekuwa mlangoni akisafisha brashi zake za rangi kabla ya kwenda kazini, huku akiimba wimbo ambao maneno yake alikwisha kuyasahau na kuyajaza kwa la-la-la. Mama alikuwa ameshatoka, maana zamu yake ya kufua mashuka hotelini ilianza alfajiri. Karani alifagia, akachemsha chai, kisha akamsomea baba ujumbe wa simu, kwa kuwa macho ya baba na herufi ndogo hayakuwa yakipatana.

Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na baba kwa sababu tangu darasa la tatu yeye ndiye aliyejaza fomu za nyumba nzima, na za majirani wawili watatu. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, mwandiko mzuri na kichwa chenye majibu tele. Ubaya wa mtu mwenye majibu tele ni kwamba hapendi kuona nafasi tupu kwenye karatasi. Yuko radhi aandike lolote, mradi pajae.

Mwaka ule wimbo wa baba ulikatika. Alishuka ngazi vibaya kazini, akautua mguu wa kulia kwa kishindo, na mshipa mnene ulio nyuma ya kisigino ukavimba. Ikapita miezi miwili. Kila akikanyaga maumivu yalimkata kwa ndani, akawa anachechemea kutoka kitandani hadi mlangoni. Nyapara wa ujenzi alikuja kumwona, akanywa chai, akasema bila kuzunguka, "Fundi, lile jengo lina ghorofa nne. Mtu wa kuchechemea simpandishi ngazi. Mwezi ukiisha hujapona, nachukua fundi mwingine."

Fundi wa plasta aliyefanya kazi na baba ndiye aliyeleta habari za mashine. "Inatibu kwa mawimbi ya sauti," alisema. "Wanakupaka ute, wanakuzungushia kidude, ukienda mara tatu unacheza mpira!" Fundi huyu alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, lakini ni kweli bega lake lilikuwa limepona. Baba akapata barua ya kwenda hospitali, kwenye idara ya tiba ya viungo. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Karani akamsindikiza.

Waliketi kwenye benchi refu la ubao, fomu mapajani. Mara mlango ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja mwenye fimbo akinung'unika. "Wamenifumbisha macho! Wananigusa miguu na vichupa vya maji, moto au baridi, moto au baridi, utadhani wananipimia maji ya kuoga. Nimekosea, basi, mashine nimenyimwa!"

Baba aliivuta miguu yake chini ya benchi. Karani alijua kwa nini. Mwaka uliopita baba aligunduliwa kuwa na kisukari. Alimeza dawa miezi michache, akajisikia nafuu, akaacha kwenda kliniki. Tangu hapo miguu yake ikawa na ganzi, kana kwamba amevaa soksi nzito hata akiwa pekupeku. Siku moja alitembea mchana kutwa na msumari mdogo ndani ya kiatu bila habari. Maumivu ya ndani ya mshipa aliyasikia vizuri, lakini ngozi ilikuwa haimwambii tena kitu.

"Mama," baba alinong'ona. Alimwita hivyo akitaka jambo, kwa kuwa Karani alirithi jina la bibi yake. "Hapa wanauliza nini?"

"Wanauliza kama una kisukari."

Baba alitazama ukuta. "Si nilishapona? Nani amesema naumwa?"

Karani akaandika *Hapana*, kwa mwandiko wake mzuri. Kisha akasogea karibu zaidi. "Na vile vichupa, baba?"

"Vile ndivyo vitakavyotufunga bao."

"Havitufungi," alisema Karani. "Mimi na mwenzangu wa dawati tuna njia yetu kwenye hesabu za kichwa. Nitakushika mkono. Nikikuminya mara moja, moto. Mara mbili, baridi."

Baba alimtazama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Wewe mtoto! Ukikua utakuwa waziri."

Kicheko kile kilimlevya Karani. Angeweza kuminya hata mara elfu.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa mama mrefu aliyening'iniza miwani yake kwa kamba ya kiatu. Alisoma fomu, akauminyaminya mguu, akamwomba baba afumbe macho. Baba akasema kwa mzaha, "Naogopa, daktari. Acha mwanangu anishike mkono."

"Mtu mzima na ndevu zako!" alicheka mtaalamu, akamruhusu.

Vichupa vilikuwa viwili, vyembamba, vya kioo. Cha maji ya moto kilifungwa utepe mwekundu. Mtaalamu alikigusisha kimoja kwenye kisigino. "Moto au baridi?" Karani akaminya mara moja. "Moto," alijibu baba. "Na hiki?" Akaminya mara mbili. "Baridi." Wakaenda hivyo mara kumi, na mara zote kumi baba akapata.

"Kumi kwa kumi," alisema mtaalamu, akitua kidogo kana kwamba anataka kuuliza jambo. "Hata mimi huenda ningekosa moja." Lakini benchi nje lilikuwa limejaa watu. Akavuta mashine.

Ilikuwa sanduku dogo lenye waya, na mwisho wa waya kulikuwa na kidude chenye kichwa bapa. Alipaka ute wa baridi nyuma ya kisigino, akaanza kukizungusha polepole bila kukisimamisha. Karani alitega sikio asisikie chochote.

"Ni sauti, lakini sikio la binadamu haliifikii," alieleza mtaalamu. "Inatikisa nyama kwa ndani, inaleta joto, mshipa uliokakamaa unalegea. Ukishalegea, ndipo mazoezi yanafanya kazi. Mashine hufungua njia tu, mwendo ni wa mgonjwa mwenyewe. Fundi, unatakiwa usikie vuguvugu. Ukisikia linachoma, au mfupa unauma, sema hapo hapo."

"Mbona yule babu mmemnyima?" aliuliza Karani.

"Kwa sababu mashine hii haijui inapounguza. Mwenye kujua ni mgonjwa. Siiweki juu ya tumbo la mjamzito, wala machoni, wala penye saratani, wala penye kidonda chenye usaha. Na penye ganzi siiwashi kabisa. Yule mzee miguu yake haisikii joto. Ningemchoma, naye angekaa ananitabasamia."

Karani alimtazama baba. Baba alikuwa anamtabasamia mtaalamu.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache tu, na yalikuwa tayari kooni. Lakini baba alimkonyeza, naye akayameza.

Walirudi siku ya pili, na ya tatu. Baba aliambiwa afanye mazoezi ya kunyanyua kisigino kwenye ngazi za nyumbani, asubuhi na jioni, lakini hakuyafanya. "Mashine inatosha," alisema. Siku ya tatu mtaalamu aliuliza, "Unasikia vuguvugu?"

"Kidogo mno, daktari."

"Niongeze kidogo?"

"Ongeza, ongeza! Nyapara ananisubiri."

Akaongeza.

Baada ya siku mbili, Karani akiwa anafua, aliona soksi moja ya baba imekauka na kugandana, na katikati pana doa la manjano. Akaenda kumtazama mguu. Nyuma ya kisigino, pale pale kidude kilipokuwa kikizunguka, palikuwa na lengelenge lililopasuka, na chini yake nyama mbichi.

"Baba, umeungua!"

"Kiatu kimenibana."

"Si kiatu, baba. Twende tukaseme."

"Tukaseme nini? Kwamba tulimdanganya daktari?" Sauti ya baba ilipanda, kisha ikashuka. "Mama yako asijue. Haliumi hata kidogo."

Kweli halikumuuma. Na hilo ndilo lililokuwa baya. Baba alifunga kitambaa, akavaa kiatu, akarudi kazini akijikaza asichechemee, na hospitali hakwenda tena. Karani alilibeba lile neno wiki nzima. Akila analo, akifagia analo. Siku ya nane baba hakuweza kuamka. Mwili ulikuwa wa moto, mguu umevimba hadi kwenye ugoko, na chumba kizima kilikuwa na harufu ambayo hata mafuta ya taa hayakuweza kuifunika.

Mama alikuwa kazini. Karani alimwita jirani akae na baba, akatoka mbio mpaka hospitali, akapita benchi la watu waliomzomea kwa kuruka foleni, akamkuta mtaalamu ananawa mikono.

"Nilikuwa namminya vidole," alisema akihema. "Mara moja moto, mara mbili baridi. Na kisukari anacho. Ni mimi niliyeandika hana."

Mtaalamu hakumgombeza. Alichukua simu mikono ikiwa bado imelowa, akaita gari la wagonjwa. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

Jioni ile daktari wa upasuaji alizungumza na mama ukumbini, na Karani akasikia. "Sukari imepanda vibaya sana. Kidonda kimeoza hadi kwenye mshipa. Tutakata nyama iliyokufa, tutampa dawa. Zisipofanya kazi kwa siku tatu, itabidi tuukate mguu. Tukichelewa, tutampoteza yeye mwenyewe."

Mama alikaa sakafuni na sare yake ya kazini. Karani akamweleza yote, bila kuacha hata lile la dawati. Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema taratibu. "Baba yako aliyaficha. Wewe ukamshikia pazia."

Hakumshika mkono. Karani alilia peke yake upande wa pili wa ukumbi.

Siku ya kwanza homa haikushuka, na ya pili vilevile. Karani hakuruhusiwa kuingia wodini, akawa anatazama kupitia kioo cha mlango, akihesabu miguu miwili chini ya shuka. Kila asubuhi aliogopa kuhesabu. Siku ya tatu daktari alitoka akivua glovu. "Homa imeshuka," alisema. "Mguu tunauacha. Lakini ule mshipa sehemu yake imekwisha kuharibika. Atatembea, ila ngazi asahau."

Ilichukua wiki saba. Nyapara alikuwa amekwisha kuchukua fundi mwingine, na jengo la ghorofa nne likapakwa rangi na mikono ya mtu mwingine. Siku baba aliporudishwa kwenye idara ya tiba ya viungo, alikuja na mkongojo, mwili umepungua, akaketi kwenye benchi lile lile. Karani alipewa fomu mpya. Alipofika kwenye kisukari, hakumtazama baba wala ukuta. Aliandika *Ndiyo*.

Ndani, mtaalamu alitoa vile vichupa viwili. Karani, bila kuambiwa, alirudi nyuma hadi mlangoni na kuficha mikono mgongoni. Baba akafumba macho.

"Moto au baridi?"

Baba alinyoosha mkono pembeni, akakosa wa kushika. Utepe ulikuwa mwekundu, Karani aliuona, na jibu lilimwasha vidoleni. Akavibana.

"Sijui," alisema baba.

"Na hiki?"

"Sijui, daktari. Sisikii kitu."

Mtaalamu aliandika. Kisha aliweka kalamu chini, akaning'iniza miwani yake. "Fundi, tangu uanze kuja hapa, hili ndilo jibu la kwanza ulilonipa ninaloweza kukutibia. Mashine haitawashwa kwenye mguu huu tena. Utafanya mazoezi, utavaa viatu vipana, utameza dawa, na kila jioni mtu mwenye macho mazuri atakukagua nyayo. Utarudi kazini, lakini utapaka milango na madirisha, umekaa kwenye kigoda."

"Nitapaka hata miguu ya kigoda chenyewe," alisema baba, akijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaacha.

Mtaalamu akamgeukia Karani. "Na mimi nina sehemu yangu. Kumi kwa kumi ilinishtua, nikaona foleni, nikanyamaza. Sikukuacha umshike mkono kwa sababu ni vizuri, nilikuacha kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwa hiyo ninalokuambia najiambia na mimi. Shuleni ukimpa mwenzako jibu, anapata alama ambayo si yake. Hospitalini ukimpa mgonjwa jibu, anapata dawa ambayo si yake. Ulimpenda baba yako, hilo naliamini. Lakini anayekupenda kweli hakusaidii kudanganya, hukusaidia kusema 'sijui', hata kama 'sijui' itakurudisha nyumbani mikono mitupu. Yule mzee wa fimbo alirudi mikono mitupu. Jana nimemwona sokoni, anatembea bila fimbo, kwa mazoezi tu."

Karani aliitikia kwa kichwa. Akainama, akamvalisha baba soksi, lakini kwanza akaupindua unyayo na kuukagua kidole kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma karatasi yenye herufi ndogo sana.