Niazime Roho

Aliye karibu na mlango aurudishe. Hadithi hii haipendi mlango wazi.

Magharibi hiyo mama alimtuma binti yake mkubwa akamwite mdogo wake aje ale. Kazi nyepesi, ya kwenda na kandambili. Binti mwenyewe chuoni walimwita Wakili, kwa kuwa kwenye midahalo hakuacha swali lipite bila jibu, na jina likamfuata hadi nyumbani. Hata mdogo wake, Kitinda, hakuwahi kumwita dada. Alimwita Wakili, tena kwa kubinua mdomo. Hilo lishikeni.

Kitinda alikuwa kwa Fundi, kwenye duka la kutengeneza televisheni ambalo chumba chake cha nyuma kiligeuzwa cha kuchezea gemu. Wakili alitembea akipanga hoja. Mtaa ulishamsema Kitinda, eti msichana mzima, macho kodo kwenye kioo kutwa. Hayo hayakumgusa. Wavulana wangapi walishinda mle na nani aliwahi kuwasema? Kilichomuudhi ni kwamba Kitinda alikuwa ameacha kula.

Chumba kilikuwa kimya. Hakukuwa na mchezaji mwingine. Kilinuka waya zilizoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... ya nyumba iliyofungwa miaka bila mtu.

Kwenye kioo palikuwa na nyumba hasa. Korido, milango, pazia. Kijitu kisicho na uso kilikuwa kikiingia chumba baada ya chumba, kikifungua kila kabati, kikipapasa kila ukuta.

"Nimebakiza mlango mmoja," alisema Kitinda bila kugeuka.

Wakili alimwambia chakula kinapoa. Kitinda akamjibu kwa sauti ya mtu anayesinzia kwamba gemu hili raha yake yote ni mara ya kwanza. Ukikimbilia mwisho umejipunja. Pekua kila pembe kwanza, ndipo ufungue mlango wa mwisho, maana ukishaufungua huna la kurudia.

Fundi alikuwa amesimama kizingitini na bisibisi yake. Wakili akamuuliza ni gemu gani hilo lisilo hata jina. Akasema lilikuja ndani ya mashine iliyoletwa kutengenezwa, na mwenyewe hakuifuata.

"Na wengine waliolicheza?"

Fundi alinong'ona neno moja, na Wakili alilisikia hivi: "Hawarudii."

Akaona ni sawa. Gemu la kuzungukazunguka nyumba tupu, nani atalirudia?

Mara kijitu kikaanguka. Kioo kikawa cheusi tii. Sauti ikasema, taratibu, karibu sana:

"Dada... niazime roho."

Ndivyo wachezaji wasemavyo. Ukifa kwenye gemu unamwomba mwenzio roho, anakupa moja katika zake, mnaendelea. Wakili alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni, na njaa ilikuwa inamuuma, na yeye si mtu wa kuacha ombi bila jibu.

"Chukua, twende," alisema.

Taa ilipepesa. Kitinda akaweka chini padi ya kuchezea, akasimama, wakatoka.

Njiani alikuwa akigusa kila nguzo. Kila geti. Walipofika nyumbani alisimama mlangoni akaitazama sebule kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akaingia na kuanza. Akafungua kabati la vyombo, akalifunga. Akafungua droo, akainua mito ya kochi mmoja mmoja, akapapasa ukuta nyuma ya pazia.

Akamuuliza mama wanakula nini. Mama akamjibu. Akatoka, akarudi, akauliza lilelile kwa sauti ileile, akiikazia macho midomo ya mama aone kama jibu litabadilika. Mama akacheka, akasema leo mtoto kaamka na utani.

Wakili hakucheka.

"Dada," Kitinda alimgeukia. "Mlango ule unakwenda wapi?"

Alikuwa ananyoosha kidole kwenye chumba cha marehemu baba yao. Mama alikuwa amekifunga tangu siku ya msiba, na wote waliokuwa chini ya paa lile walikijua. Kitinda alizaliwa ndani ya nyumba hiyo.

Dada?

Hapo ndipo Wakili akakumbuka. Kioo kilipokuwa cheusi aliziona humo sura zao wawili. Sauti ile ilipoomba roho, midomo ya Kitinda ilikuwa imefumba.

Na Fundi hakusema *hawarudii*. Alisema *hawarudi*. Irabu moja tu aliiongeza mwenyewe, yeye bingwa wa maneno.

Alitungua ufunguo wa chumba cha baba kwenye msumari, akauvaa shingoni kwa kamba, akarudi dukani mbio, kandambili moja akaiacha njiani.

Kioo kilikuwa kinawaka. Nyumba ilikuwa ileile, lakini kijitu sasa kilikuwa na uso. Kilikuwa kinaupiga ngumi mlango wa mwisho, na kilipogeuka kumtazama, kilibinua mdomo kuita jina. Hakikusikika. Alilisoma midomoni. *Wakili.*

Alimrukia Fundi kwa maneno. Ulijua. Umekaa na kitu kama hiki, watoto wa watu wanaingia, nawe unawasha mashine kama vile unawasha jiko!

"Nilidhani ni maneno tu," alisema Fundi. Hakuinua macho. "Kinachotoka huzunguka kwanza. Kikishaona nyumba nzima, kimemaliza. Na aliyebaki ndani naye... amemaliza."

"Mlango mmoja ukibaki?"

"Basi hakijamaliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza. Nikakujibu."

Wakili akaichukua padi. Atacheza yeye, atamtoa mdogo wake kwa mikono yake. Alibonyeza kila kitufe. Kijitu hakikutikisika.

"Roho yako umeshaiazimisha," Fundi alinong'ona. "Utachezea nini?"

Akaweka kiganja kifuani. Kifua kilikuwa kimya kuliko alivyopenda.

Tangu hapo ufunguo haukumtoka shingoni, aoge, alale. Kila jioni alikwenda dukani akaweka kiganja kwenye kioo, na upande wa pili kiganja kidogo kikaja juu ya chake. Hoja yake ilikuwa hiyo moja: mlango mmoja ubaki, mtu wake abaki.

Na kile cha nyumbani? Kilikula vizuri. Kiliosha vyombo bila kutumwa, kikaamkia wakubwa kwa adabu, kikasema *dada* hiki na *dada* kile. Mama akamshukuru Mungu kwamba kitinda mimba wake amekua. Jioni kilisimama mbele ya chumba cha baba, paji la uso likigusa ubao, kikalia kwa sauti ndogo. Mama akaumia. Akamwuliza Wakili ni roho gani hiyo ya kumnyima mwenzake kuingia chumba cha baba yake. Wakili, aliyekuwa na jibu la kila swali duniani, hakuwa na hata moja ambalo mama yake angelisadiki.

Asubuhi moja alikuwa uani anafua. Jua limetoka, povu hadi kwenye viwiko. Dirisha lilikuwa wazi, na ndani akamsikia mama anabembeleza.

"Basi, nyamaza, mwanangu. Dada yako naye kazidi. Kwani huu wa pili si ninao mimi siku zote?"

Wakili alishika shingo. Ufunguo ulikuwepo.

Alikimbia. Aliteleza kwenye povu, akaamka, akakimbia.

Kitasa kililia.

"Ahsante, mama," ile sauti ilisema kwa adabu. "Sasa nimeona kote."