Fungu la Kyungu

"Minyi sikutia sauti ya mutoto mu video! Nikuapie kwa nani?"

"Sasa njo nani aliitia? Mbuzi ya baba yako?"

"Njo weye mwenye uliongea, Delphine. Ni kinywa yako."

"Kinywa yangu iko moja. Sikiliza tena."

Chancelvie alibonyeza simu kwa hasira. Ulikuwa mchana wa mvua, nao walikuwa wameketi sakafuni chumbani kwake, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mbele yao, juu ya kitambaa cheusi, zilisimama sanamu saba za plastiki. Zilikuwa mashujaa wa mchezo wa video uitwao Milango ya Majivu, toleo jipya kabisa, na zilifika kwa treni kutoka Lubumbashi. Guelord, mfanyabiashara wa huko, huwatumia wasichana hawa wawili sanamu kabla ya kuanza kuziuza. Delphine husema, Chancelvie hupiga picha. Vijana wa Kamina, mji wao, hata watoto wa wanajeshi kule kambini, wanamwamini Delphine kwa sababu hasifu kitu kibaya. Goti lisipokunjika, atasema halikunjiki.

Katika video Delphine alikuwa ameinua sanamu ya saba, Binti wa Mkuki.

"Bandugu, muangalie kiwiko. Inajikunja bila kulia. Na rangi ya macho haikutoka inje ya mustari."

Nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo, sauti ya mtoto mdogo ilirudia: "...inje ya mustari."

"Mukuki njo zaifu. Ilivunjika mu mikono yangu, nikaigandisha na verni ya kucha." Alionyesha alama nyekundu ya rangi ya kucha.

"...verni ya kucha," ikasema sauti.

"Hii Guelord alinipa minyi, ni zawadi. Alituma moja."

Safari hii sauti haikurudia. Ilisema peke yake, polepole, kama mtoto anayemsahihisha mtu mzima:

"Mbili."

Delphine alimtazama rafiki yake. Chancelvie alitazama dirisha.

"Simu imezeeka," alisema. "Nitakata hapo."

Delphine alirudi nyumbani kwa miguu, akaiacha sanamu yake kwa Chancelvie kama kawaida, maana mama yake, Mama Jeannine, alikuwa mwimbaji wa kanisa na hakutaka mashujaa wenye pembe ndani ya nyumba yake. Lakini Mama Jeannine huyohuyo alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake alilala mtoto wa mti, mrefu kama kiganja, aliyevikwa kitambaa cha maua. Huyo alikuwa Kyungu.

Delphine alizaliwa pacha. Nyumbani aliitwa Kabange, jina la pacha wa pili kwa Waluba, na Kyungu alikuwa wa kwanza. Kyungu alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Lakini mapacha hawapewi kimoja. Ukimpa mmoja pipi, unampa na mwingine. Kifo hakibadilishi kitu. Kila gauni la Delphine lilinunuliwa na kipande cha kitambaa kwa ajili ya dada yake. Kila sanamu ya zawadi aliiomba mbili, na Guelord alikuwa akijua. Kwa toleo hili Chancelvie ndiye aliyekwenda stesheni kupokea katoni, kwa sababu baba yake anafanya kazi huko, akarudi akisema: "Ya zawadi alituma moja tu." Delphine alipaswa kuikataa mpaka ya pili ifike. Lakini Binti wa Mkuki alikuwa mzuri mno. Alijisemea kwamba Kyungu atamvumilia, akafungua boksi.

Asubuhi baada ya video ile, ndala yake ya kushoto haikuwepo. Kesho yake aliamka nywele zimefumuliwa upande wa kushoto, upande wa kulia misuko imekaa vizuri. Adhuhuri, alipofunua sahani yake ya bukari, ugali wa kwao, alikuta nusu imeondoka, imekatwa wima kama kwa kisu, na hakuna aliyeigusa. Nyumba nzima ilinuka plastiki mpya, ile harufu ya boksi lililofunguliwa sasa hivi, na harufu ilitoka chini ya kitanda.

Siku ya tatu mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi. Muuguzi aliuchoma kwa sindano mara tatu. Delphine aliona damu, lakini hakusikia kitu.

Mama Jeannine alifunga mlango, akatoa mtoto wa mti, akampaka pemba, udongo mweupe wa mapacha. Kisha akaimba nyimbo ambazo kanisani asingethubutu kuzinong'ona, maana mapacha hubembelezwa kwa matusi.

"Mama ya mapasa, tumbo yake kitunga ya bukari! Kyungu, pua yako kama kiatu ya polisi!"

Delphine alitaka kucheka. Lakini pemba ilikauka palepale, ikamwanguka mtoto wa mti kama magamba.

"Anakatala," mama alinong'ona. "Kabange, ulikula kitu yake?"

"Sikukula, mama. Nilipokea moja."

"Moja? Mutoto wangu! Moja ya nini?"

Delphine alimwandikia Guelord kwa mkono mmoja. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini: *Nilituma mbili. Shi uko pacha?*

Alikwenda kwa Chancelvie akiburuta mguu, maana ganzi sasa ilikuwa imeshuka hadi pajani. Chancelvie alimwona akivuka uwanja, akaanza kulia kabla ya kuulizwa.

"Nitairudisha. Nilimupa Cyprien, ule wa ku kambi. Alisema ananipenda."

"Ulilala kwetu mara ngapi, Chancelvie? Uliona mama anaweka sahani mbili. Ulikula ku sahani ya Kyungu!"

"Nilifikiri... muntu mwenye alishakufa atafanya nini na sanamu?"

Tangu utoto Delphine alikuwa na dada wawili, mmoja sandukuni na mmoja huyu, na hakuwahi kufikiri kwamba ni aliye hai ndiye atakayemwibia.

"Kesho," Chancelvie alisema. "Kesho mbele jua haiyazama. Naapa."

Kesho yake, jua likielekea kuzama, Chancelvie alikuja kweli. Hakuingia. Alimpa Mama Jeannine boksi lililofungwa vizuri kwa gundi, akasema "Pardon, mama," akaondoka haraka bila kugeuka. Mama hakulifungua, kwa sababu zawadi hufunguliwa na mwenyewe. Aliliweka kando ya mtoto wa mti, akafunga sanduku, akasema: "Kyungu, fungu yako iyi. Achilia muloko wako, mudogo yako Kabange."

Harufu ilikatika. Vidole vya Delphine vilianza kuwasha, kisha kuuma, na maumivu yale yalikuwa matamu hata akalia. Mama alimkumbatia.

"Bado ya kwangu," Delphine alisema akijifuta machozi. "Iko kwa Chancelvie. Kesho nitaenda kuibeba."

Ndipo chini ya kitanda kitu kikachakarika, kile kifuniko cha plastiki cha boksi kikibonyea na kupasuka taratibu kama kinavyopasuka katika mikono ya mtoto asiyetaka kuharibu kitu, na mama na binti wakashikana, wakasikiliza kiungo kidogo kikikunjwa na kunyooshwa, tik, tik, mpaka sauti ikaanza kusema mle ndani ya bati, sauti ya miaka minne inayoiga kwa uaminifu namna Delphine anavyokagua sanamu mbele ya simu, bila kusifu kitu kibaya:

"Bandugu, muangalie kiwiko. Inajikunja bila kulia. Mukuki njo zaifu. Ilivunjika... Iko na verni ya kucha."

"Verni?" mama aliuliza. "Kabange, verni gani?"

Delphine alifungua kinywa, lakini nusu ya midomo haikumtii, naye alikuwa ameelewa kwamba ile ya Kyungu ilikwisha kwenda na Cyprien na isingerudi, na kwamba rafiki yake alikuwa amechukua ile aliyomwachia kwa kumwamini, akaitia katika boksi, akaileta hapa kwa mikono miwili na neno la pardon, ili walio hai wadanganyike na aliyekufa naye adanganyike. Na wakati ganzi ikirudi mkononi, ikipanda begani, ikivuka shingo kwenda upande ambao haikuwahi kuufikia, Mama Jeannine alilivuta sanduku na kulifungua, akakuta boksi tupu na kitambaa cha maua kimekunjwa vizuri, mtoto wa mti hayumo.

Mlango wa mbele ukagongwa, chini kabisa, karibu na kizingiti, mahali ambapo mkono mdogo unaweza kufika.

"Mama, fungula. Haiko mbili, iko moja tu. Kabange atoke, akuye huku kwangu, tutacheza nayo sisi wawili."