Isale Juu ya Mshtarii

Giza lilikuwa linaingia nilipotoka na panga kumkatia ng'ombe majani ya migomba. Nilitaka kuwahi ndani. Kompyuta yangu ilikuwa inapakua picha za sayari ya Mshtarii, zilizopigwa na chombo kinachoizunguka huko mbali. Huja zikiwa mbichi, mimi nazisafisha na kuziunganisha. Mama, aliyekuwa ameshuka Moshi mjini tangu jana bila kusema kwa nini, huniuliza kama huko Mshtarii kahawa inastawi.

Langoni alisimama baba mdogo Eliufoo. Mtu huyu alisogeza mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, jeneza la baba likiwa bado sebuleni! Mkononi ameshika jani la isale.

Sikumpa shikamoo.

"Jesse," alinong'ona. "Nimekuja na isale. Pokea, mwanangu."

Kwetu Uchagani isale halikataliwi. Hata aliyekuulia ndugu akikuletea, unapokea, yanaisha; ukikataa, laana inakugeukia wewe. Nilijua vizuri. Lakini nilimchukia kuliko nilivyoogopa mila.

"Mpe ng'ombe ale," nikamwambia, nikapiga komeo.

 Nyuma ya lango ilinijia harufu ya udongo mbichi...

Ndani nikafungua picha. Kamera ile hupiga mara tatu, kwa nyekundu, kijani na buluu, nami nazipanga moja juu ya nyingine. Kitu kikisogea, kinaonekana mara tatu. Juu ya mawingu ya Mshtarii palikuwa na doa. Nikalikuza.

Kwenye nyekundu, mtu. Amenyoosha mkono wenye jani.

Kwenye kijani, amesogea.

Kwenye buluu... ananitazama. Baba mdogo.

Hasira ikanipanda. Hata huku amenifuata? Nikashika kifutio cha kompyuta ninachofutia madoa ya kamera, nikamfuta. Nyekundu. Kijani. Buluu.

Simu ikaita. Mama.

"Jesse, niko hospitali. Baba yako mdogo amekata roho sasa hivi."

"Mama, alikuwa hapa langoni."

"Langoni wapi? Amelazwa hapa tangu juzi, hata kugeuka alikuwa hawezi. Alikuwa anakuita wewe tu. Mara akanyamaza, kama mtu aliyezibwa mdomo."

Nikatazama pale nilipomfuta.

"Jesse..." Sauti yake ilishuka. "Alikuja na nini?"

"Isale."

"Ulipokea?"

Nikatupa simu, nikakimbia na tochi hadi langoni. Komeo lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Jani halikuwepo. Nilipapasa kwenye nyasi, nikapiga magoti, nikaomba nilione.

Zizini ng'ombe alikuwa anatafuna.

Nikamshika taya, nikaingiza vidole mdomoni. Nilichotoa ni kipande cha isale kisichozidi ukucha.

Nilirudi ndani nimekifumbata. Picha mpya zilikuwa zimeingia zenyewe, na mtu yuleyule yumo, mara tatu, kila mara mkubwa zaidi. Nikanyoosha kiganja mbele ya kioo cha kompyuta. "Nimepokea, baba mdogo. Nimepokea!"

Hakuangalia jani.

Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu, na chumba kizima kilinuka udongo.